MAILI ZA SAFARI NI MALI YA ALIYELIPA NAULI

Karani mmoja wa ofisi ya umma, ambaye kazi yake ni kuagiza tikiti za ndege za wakubwa wake, alifika kwetu juma lililopita akiwa na swali. Hakuja kushtaki mtu, wala hakutaja jina la mtu. Alisema kwamba kila itokeapo safari ya nje, yeye huuliza nauli za mashirika mbalimbali na kupata iliyo nafuu. Na kila mara huambiwa aiache hiyo, anunue tikiti ya shirika fulani ambalo ni ghali zaidi. Alipodiriki kuuliza sababu, alijibiwa kwamba bwana mkubwa "anakusanya maili." Basi akatuuliza: "Ndugu Mhariri, maili hizo ni za nani?"

Swali ni fupi, lakini ndani yake mna mali ya watu wengi. Tumelitafakari, na leo twalijibu mbele ya wasomaji wetu wote. Maili ni mali ya yule aliyelipa nauli. Mtu aliyelipa kwa mfuko wake, maili ni zake, wala mtu asimsumbue. Lakini ikiwa nauli ililipwa na hazina ya nchi, au na chama cha ushirika, au na chama cha wafanya kazi, au na Chama chetu hiki, basi maili ni za hao waliolipa, na anayezitia mfukoni amechukua kisicho chake.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi wa wasomaji wetu huiona ndege ikipita juu tu. Mashirika mengi makubwa ya ndege yana daftari la wasafiri wao wa mara kwa mara. Msafiri hujiandikisha bila malipo akapewa namba. Kila asafiripo kwa ndege za shirika hilo, au za mashirika yaliyo rafiki zake, namba ile huandikiwa maili, au pointi kama wengine waitavyo. Zikifika kiasi kilichowekwa, msafiri hupewa tikiti asiyoilipia nauli, ingawa mara nyingi bado hulipa kodi na ada; au hutolewa katika viti vya nyuma akaketishwa katika viti vipana vya mbele. Anayesafiri sana hupandishwa cheo. Hupewa kadi ya fedha, kisha ya dhahabu. Hasimami katika foleni ndefu, huruhusiwa mizigo mizito zaidi, naye hungojea ndege katika chumba chenye chakula na makochi. Shirika la Emirates la Dubai huuita mpango wake Skywards. Ethiopian Airlines huuita ShebaMiles. Air France na KLM wana wao uitwao Flying Blue. Majina ni mengi, lakini kazi yake ni moja.

Kazi hiyo ni ipi? Wako wanaodhani kwamba ni shukrani ya mwenye duka kwa mteja wake mwema. La hasha. Mpango huu haukuzaliwa kwa ukarimu. Ulizaliwa Marekani katika vita vya biashara. Tangu mwaka 1938 Serikali ya nchi ile ilikuwa na bodi iliyoamua shirika gani lipite njia gani na litoze nauli gani. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kuondoa utaratibu huo, ili kila shirika lijichagulie njia na kujipangia nauli. Mashirika mapya yakaingia sokoni, na katika njia nyingi nauli zikashuka. Watu ambao zamani walisafiri kwa basi tu wakapata kupanda ndege. Hilo lilikuwa jema, nasi hatulifichi.

Lakini wenye mashirika makubwa waliona hatari. Kiti cha ndege ni kiti tu, na mwendo wa saa mbili angani ni ule ule kwa kila shirika. Ikiwa nauli ndiyo iamuayo, abiria wa leo atamhama mwenye kiti kesho kwa tofauti ya dola chache. Wakatafuta kamba ya kumfungia. Tarehe 1 Mei 1981, siku ile ile ambayo wafanya kazi wa nchi nyingi huadhimisha sikukuu yao, American Airlines ilianzisha mpango wake uitwao AAdvantage. Kompyuta zake za kuandikia tikiti, ziitwazo Sabre, zilikuwa zimekwisha kuonyesha ni wateja gani wanaorudi mara kwa mara, na hao ndio waliotafutwa kwanza. Siku chache baadaye United ikaleta mpango wake, na kabla ya mwaka kwisha Delta na TWA nazo zikafuata. Tangu hapo desturi hiyo imeenea dunia nzima.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwaka 1983 shirika la Continental lilikimbilia sheria ya mufilisi, likavunja mikataba yake na vyama vya wafanya kazi, kisha likawarudisha baadhi yao kazini kwa ujira uliopunguzwa sana. Mwaka 1991 Eastern na Pan Am, majina yaliyokuwa makubwa kabisa katika historia ya usafiri wa anga, yalikufa. TWA ilimezwa na American mwaka 2001. Halafu wakubwa wenyewe wakaanza kuungana: Delta na Northwest mwaka 2008, United na Continental mwaka 2010, American na US Airways mwaka 2013. Leo mashirika manne tu, pamoja na Southwest, yanashika sehemu kubwa kabisa ya safari za ndani za Marekani. Hatusemi kwamba maili ndizo zilizowaua walioanguka. Sababu zilikuwa nyingi, na hata baadhi ya walioanguka walikuwa na mipango ya maili. Twasema tu kwamba kamba hii ni silaha ya mwenye nguvu. Maili za shirika liendalo miji mia zina thamani kuliko maili za shirika liendalo miji mitano, maana msafiri anazo safari nyingi za kuzikusanya na mahali pengi pa kuzitumia. Shirika dogo laweza kushusha nauli, lakini haliwezi kutoa zawadi kama ile.

Sasa twafika penye kiini cha swali la karani wetu. Ni nani hasa msafiri wa mara kwa mara? Si mkulima aendaye kumtazama mwanawe. Si mama apelekaye mgonjwa India mara moja katika maisha yake. Wengi wa wasafiri hao ni watu wanaotumwa: maofisa wa serikali, mameneja wa makampuni, viongozi wa mashirika, wajumbe wa mikutano. Nauli yao hulipwa na mwingine. Hapo ndipo penye ujanja wote. Mtu alipaye nauli mwenyewe, ukimwambia aongeze fedha ili apate maili, atapiga hesabu aone kama zawadi yalingana na nyongeza. Lakini asiyelipa hana hesabu ya kupiga. Nyongeza yatoka katika mfuko wa aliyemtuma, na zawadi yaingia katika mfuko wake yeye. Shirika la ndege lalijua jambo hilo vizuri.

Tutoe mfano. Tuseme shirika moja lataka Shs. 2,000,000/- kwa safari ya kwenda na kurudi, na shirika la pili lataka Shs. 2,400,000/-, na huduma zao zalingana. Ofisa achagua la pili kwa ajili ya maili. Umma umepoteza Shs. 400,000/-. Wakiwa maofisa kumi, na kila mmoja akisafiri mara sita kwa mwaka, hasara ni Shs. 24,000,000/-. Na hiyo ni ofisi moja. Mfagiaji wa ofisi hiyo hiyo huenda hapati Shs. 400,000/- kwa mwezi mzima, na akiomba nyongeza ya mshahara huambiwa kwamba fungu limekwisha. Hakuna aliyevunja kasha, wala hakuna hati ya uwongo iliyoandikwa. Mkaguzi wa hesabu akija ataona tikiti halali, safari halali na sahihi halali. Fedha zimekwenda, na daftari linanyamaza.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maili ni mali. Kama si mali, mashirika ya Marekani yasingaliweza kuziwekea rehani. Maana ugonjwa wa korona ulipozisimamisha ndege, Delta ilikopa dola bilioni 9 mwaka 2020 kwa dhamana ya mpango wake wa maili, na mwaka 2021 American ikakopa dola bilioni 10 kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa wenye benki wanazihesabu maili kuwa mali, mbona sisi katika ofisi zetu tuziite kitu cha bure?

Nchi nyingine zimekwisha kulikabili jambo hili, na yafaa tujifunze kwao, kwa mema na kwa mabaya yao.

Marekani yenyewe kwa miaka mingi ilishika msimamo kwamba maili zilizopatikana kwa safari ya serikali ni za serikali, na mtumishi hana ruhusa ya kuzitumia kwa mambo yake. Tarehe 28 Desemba 2001 msimamo huo uligeuzwa kwa sheria, na mtumishi akaruhusiwa kuzichukua. Waliotaka mabadiliko hayo walisema kwamba kuzihesabu ni taabu kubwa, na kwamba makampuni ya watu binafsi huwaachia watumishi wao. Kwa maoni yetu Marekani ilikuwa na haki mara ya kwanza, ikachoka.

Ujerumani haikuchoka. Bunge la nchi ile lilikuwa na kanuni kwamba maili za safari za kibunge zitumike kwa safari za kibunge. Mwaka 2002 magazeti yalifichua kwamba baadhi ya wanasiasa walizitumia maili za shirika la Lufthansa kwa safari zao wenyewe. Gregor Gysi, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu mwishoni mwa Julai mwaka huo kwa sababu hiyo. Wasomaji wetu waangalie jambo hilo vyema. Huyo hakuwa mtetezi wa matajiri. Alikuwa mtu wa upande wa wafanya kazi. Kosa hili halichagui chama. Alipotambua kwamba ametumia kidogo kisichokuwa chake, aliona kwamba kiti hakimfai tena. Je, kwetu ni wangapi wangalifanya hivyo?

Norway ililitazama jambo kwa upande wa pili, yaani upande wa ushindani. Baada ya SAS kulinunua shirika la Braathens, karibu safari zote kubwa za ndani ya nchi ile ziliangukia mikononi mwa mwenyewe mmoja. Wakuu wa mambo ya ushindani waliona kwamba hata shirika jipya likija na nauli nafuu, wasafiri wa kikazi hawataliendea, kwa kuwa wamefungwa na pointi. Basi tangu Agosti 2002 SAS ilikatazwa kutoa pointi kwa safari za ndani. Septemba mwaka huo huo shirika la Norwegian lilianza kupeleka ndege zake kubwa katika njia za ndani kwa nauli za chini. Baadaye katazo lilipanuliwa kuwahusu wote, likadumu hadi mwaka 2013. Haikuwa nchi ya mapinduzi iliyofanya hivyo. Ilikuwa nchi ya biashara huria, iliyotambua kwamba zawadi zaweza kuua ushindani.

Nasi huku Afrika Mashariki hatuko mbali na mambo hayo. Tulikuwa na East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, kisha kila nchi ikashika njia yake. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Tanzania imenunua ndege mpya kwa ajili ya Air Tanzania, na ndege hizo zimenunuliwa kwa fedha za wananchi. Sisi hatusemi kwamba ofisa alazimishwe kupanda ndege ya kwetu hata kama ni ghali, au imechelewa, au haiendi aendako. Shirika letu nalo na lishindane kwa nauli na kwa kutunza saa. Lakini likishinda kwa nauli na kwa saa, kisha likaachwa kwa sababu tu bwana fulani amebakiza pointi chache afike daraja la dhahabu la shirika la kigeni, basi mwananchi amelipa mara mbili: amelipia ndege iliyoondoka na kiti kitupu, na amelipia nauli ya ziada.

Wasomaji watakumbuka kwamba Novemba 2015 Rais John Magufuli, mara tu baada ya kuapishwa, alizuia safari za nje za watumishi zisizo na kibali. Wengi walishangilia, nasi tukiwa miongoni mwao. Lakini kupunguza safari ni nusu ya kazi. Safari zinazobaki, zilizo za lazima, nazo zina matunda yake, na matunda hayo hayajaulizwa ni ya nani.

Tunazijua hoja za wanaotupinga, na si haki kuzipita. Husemwa kwamba anayesafiri kwa kazi hulala mbali na watoto wake, huamka usiku wa manane, huchoka. Na maili ni kifuta jasho. Twajibu kwamba kazi hiyo ina posho yake, na posho hiyo imeandikwa. Kama haitoshi, iombwe nyongeza waziwazi, kama vile wafanya kazi wengine waombavyo. Dereva aliyempeleka ofisa uwanjani saa tisa usiku naye ameamka. Hakuna maili zinazoandikwa kwa jina lake. Tena husemwa kwamba shirika la ndege lenyewe huandika maili kwa jina la msafiri, si la ofisi. Ni kweli. Lakini risiti ya duka nayo huweza kuandikwa jina la mtumwa aliyetumwa sokoni, na bado kikapu ni cha aliyetoa fedha. Tena yapo mashirika yenye mpango wa pili, uliofanywa kwa ajili ya makampuni na ofisi, ambao mwajiri naye huandikiwa pointi zake kila amtumapo mtu. Ni ofisi ngapi za umma zimeomba kuandikishwa?

Wako pia watakaosema: mbuzi hula urefu wa kamba yake. Methali hiyo imefanywa ngao ya kila mla cha umma. Sisi twauliza, kamba ilifungwa na nani, na majani ni ya shamba la nani?

Basi twapendekeza mambo manne, na yote hayahitaji fedha.

La kwanza, anayesafiri asiwe ndiye achaguaye shirika. Tikiti inunuliwe na karani kwa nauli nafuu ifaayo safari, na mkubwa akitaka nyingine aandike sababu kwa mkono wake. Sababu ikiwa ni ndege kuchelewa au njia kuwa ndefu mno, itajulikana. Sababu ikiwa ni maili, hakuna atakayethubutu kuiandika.

La pili, kila ofisi iwe na daftari la maili. Msafiri arudipo, pamoja na hesabu ya masurufu, aonyeshe maili alizoandikiwa kwa safari ile.

La tatu, maili hizo zitumike kwa safari ifuatayo ya ofisi. Mtumishi mwenye maili za kutosha tikiti moja aitumie katika safari yake ya kikazi, na fungu lililookolewa libaki katika kazi za umma.

La nne, vyama vya wafanya kazi na Chama chetu vianze. Hatuwezi kumnyoshea kidole katibu wa wizara ikiwa wajumbe wetu wenyewe warudipo kutoka mikutano ya Geneva wanakuja na zawadi za nauli iliyolipwa kwa michango ya wanachama. Twasema haya kwa kuwa nasi tumepata kutumwa safari, na namba ya maili tumepewa, na hakuna aliyetuuliza. Hilo la kutoulizwa ndilo lililotufanya tuandike.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaolipa wenyewe: wafanya biashara wa Kariakoo waendao Dubai na Guangzhou, na kila mtu atumiaye akiba yake. Maili zenu ni haki yenu, jiandikisheni, msiziache. Lakini msinunue nauli ghali kwa ajili yake. Someni masharti, maana katika mipango mingi maili hufa zisipotumiwa kwa muda uliowekwa, na shirika laweza kubadili bei ya zawadi wakati wowote. Kati ya mwaka 2015 na 2016 Delta, United na American ziliacha kuhesabu urefu wa safari, zikaanza kuhesabu fedha zilizolipwa, na mnunuzi wa tikiti nafuu akaona mavuno yake yamepungua. Mwezi Septemba 2024 Serikali ya Marekani ilianza kuyachunguza mashirika manne makubwa kuhusu jinsi yanavyoendesha mipango hiyo. Nauli nafuu ya leo ni fedha mkononi. Maili ni ahadi, na mwenye kuahidi ndiye mwenye kalamu.

Kwa karani wetu twasema: ulifanya vyema kuuliza. Endelea kuziandika nauli zote mbili katika faili, ile nafuu na ile iliyochaguliwa, kila moja na tarehe yake. Siku moja atakuja mtu wa kulisoma faili hilo, na swali lako litakuwa limekwisha kujibiwa kwa tarakimu.